Mstari wa Jumamosi

Dunstan, vuta kiti. Zakayo, weka simu mfukoni uje upande huu wa kulia, sikio la kushoto limeshaniacha. Katungu, mkwe wangu, wewe baki hapo dirishani, nataka nikuone usoni nitakapofika mahali pa kukutaja. Nisikilizeni bila kuniambia nipumzike, maana kupumzika kunakuja kwenyewe, na haya nikiyaacha yatazikwa pamoja nami, na hayastahili kuzikwa.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba ya huku ugenini, ya Villawood, ni yenu wawili sawasawa, ila isiuzwe kabla Zakayo hajamaliza chuo. Kiwanja cha nyumbani Tukuyu warudishieni watoto wa kaka yangu. Miaka kumi na moja sikusema na kaka yangu kwa ajili ya safu moja ya migomba, na nilipokwenda kumzika nilipima mpaka kwa hatua zangu mwenyewe, watu wakiwa bado wanakunywa chai ya msiba, nikakuta alikuwa na haki. Sikumwambia mtu. Mnaanza kuniona nilivyo. Cherehani achukue Katungu, vitenge wagawane akina mama wa kwaya. Na kile cheti cha utumishi mwaminifu kilichotundikwa sebuleni, chenye nembo ya serikali na fremu aliyoinunua Dunstan, kishusheni. Kisipelekwe kanisani, kisiwekwe juu ya jeneza, mchungaji asikisome. Hapo ndipo penye neno langu.

Mnajua nilifanya kazi ya kupima mionzi. Mlipokuwa wadogo mliwaambia wenzenu shuleni kwamba mama yenu analinda mji, nami sikuwasahihisha. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyambizi za nchi rafiki, zile zinazoendeshwa kwa nyuklia, zilipokuja kwenye gati la jeshi, serikali ilizipokea kwa masharti. Wenyewe hawakumruhusu mtu wetu yeyote kuingia chumba cha kinu cha nyuklia, hiyo ni siri yao, kwa hiyo macho ya nchi hii yalikuwa vipimaji vitatu vilivyosimamishwa gatini, chupa za maji ya bahari tulizochota, na kitabu cha kumbukumbu chenye jalada la kijani. Mkaguzi wa ofisi ya usimamizi aliyekaa mjini hakuiona nyambizi, alikiona kitabu. Kitabu kikidanganya, yeye alikuwa kipofu bila kujijua, na nyuma yake waziri kipofu, na nyuma ya waziri watu wote wanaopanda feri kwenda kazini.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, nyambizi ikiwapo, watu wawili walikwenda kwa kila kipimaji. Mmoja alishika mbele yake kidonge chenye mionzi hafifu, kidogo kama kifungo cha koti, ili kuona kama kipimaji bado ki hai, mwingine akaisoma namba kwa sauti na kuiandika, kisha wote wawili wakasaini. Katungu, wewe utanielewa kuliko hawa, kwa sababu wodini kwenu kabati la mofini halifunguliwi na muuguzi mmoja. Huyo wa pili hawekwi kwa kuwa wa kwanza ni mwizi. Anawekwa kwa kuwa binadamu huchoka, husahau, na huwa na harusi.

Ndiyo, harusi. Yako na Dunstan.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa tatu, nyambizi ilikuja kwa siku tano, na Jumamosi yake ikaangukia siku mliyofunga ndoa. Ruhusa ningeipata. Ningeomba tu, wangemleta mtu kutoka mji mwingine. Sikuomba, kwa sababu wiki mbili kabla nilikuwa nimepewa ukuu wa kituo, nami sikutaka wasikie kwamba mama wa Kiafrika anaanza cheo kwa kwenda kupika pilau. Basi Ijumaa jioni, kabla ya kuondoka gatini, nilifungua kitabu nikasaini mstari wa Jumamosi.

Ikupa alikuwa amesimama pembeni yangu. Mnamkumbuka Ikupa, yule binti wa Rungwe aliyekuja kusomea fizikia, akala kwetu kila Jumapili kwa miaka minne, akaniita shangazi ingawa hatuna damu moja. Mimi ndiye niliyemwingiza kazini.

Akasema, "Shangazi, huo mstari ni wa kesho."

Nikamwambia, "Siku za wiki nazijua, mwanangu."

"Lakini karatasi inataka watu wawili."

"Si hao hapo wawili? Wewe na jina langu. Au unataka mama yako atoke Rungwe aje akushikie kidonge?"

Akacheka, kwa sababu mimi nilicheka.

Kesho yake asubuhi niko jikoni kwenye ukumbi wa Auburn, mwiko mkononi, akapiga simu. Kipimaji cha tatu, kile kilichokuwa karibu na mkia wa nyambizi, kilikuwa kimekufa. Ijumaa kilipopelekewa kidonge kilipanda mpaka mia nne na kumi na mbili, na sasa kilibaki thelathini na nane, kama vile hakuna kitu mbele yake. Sheria ilisema kipimaji kikifa, papo hapo unamwambia afisa wa zamu wa jeshi na ofisi ya usimamizi. Akasema, "Ngoja niwapigie." Nikamwambia, "Usipige. Watauliza mimi niko wapi." Nyuma yangu akina mama walikuwa wanapiga vigelegele, bibi harusi amefika. Akauliza, "Kwa hiyo niandike nini, shangazi?" Nikasema, "Usiandike kitu. Saini tu, nafasi ya namba niachie mimi."

Katungu, usiinamishe kichwa. Harusi yako haikukosa lolote. Ulikuwa umependeza, na mimi nilicheza mpaka kiatu kikakatika kisigino.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda gatini, nikafika saa nane mchana, nikakuta maji yameingia kwenye kiungio cha waya. Nilikausha, nikafunga upya, kikafanya kazi. Ilikuwa saa thelathini na mbili tangu Ikupa akikute kimekufa, na kabla ya hapo sijui ni ngapi. Kisha nikakaa na kitabu. Sikuandika mia nne na kumi na mbili, maana namba inayojirudia huvuta jicho la mkaguzi. Niliandika mia nne na tisa, juu ya saini ya Ikupa, na ile tisa nikaipa mkia ulionyooka kama anavyoandika yeye. Muda wa kupiga simu sikuupata, wanangu. Muda wa kufikiria mkia wa tisa niliupata.

Zakayo, najua unataka kuniuliza kama kuna kilichovuja. Vipimaji viwili vingine havikuonyesha kitu, na chupa za maji zilikuwa safi. Kwa ninavyojua, hakuna. Lakini nchi hii ilinilipa mshahara miaka yote ile ili mtu asilazimike kusema "kwa ninavyojua".

Miezi minne baadaye akaja mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaketi na kitabu mkono huu na kumbukumbu za mashine mkono ule. Mashine ilikuwa imeandika thelathini na nane. Akatuita mimi na Ikupa tukahojiwe Jumatatu, kila mtu peke yake.

Sasa sikilizeni nilivyofanya, kwa sababu hili silo la kuchoka wala la kusahau. Jumapili niliwaita nyumbani akina mama watatu wa kanisa, nikapika, nikamwita na Ikupa. Kwetu jambo likitokea tunakaa, tunalimaliza ndani, mkubwa hatolewi nje aaibike mbele ya wageni. Utaratibu huo umeokoa ndoa nyingi, nami nikauchukua nikaufunika nao kitabu cha serikali. Mmoja akamwambia, "Mwanangu, wewe bado kijana, kazi utapata nyingine. Huyu akianguka tumeanguka sote, hawatampa Mwafrika kiti kile tena." Ikupa akasema, "Lakini ile namba sikuiandika mimi." Yule mama akamjibu kwa upole, akimwongezea nyama kwenye sahani, "Hakuna aliyesema uliandika. Tunasema unyamaze." Ikupa akanitazama. Alikuwa ananisubiri mimi niseme. Nikamwambia, "Kula, chakula kinapoa."

Jumatatu akahojiwa akasema hana la kusema. Hakudanganya, alinyamaza kama alivyoombwa. Mimi nikaingia baada yake nikasema nilikuwepo gatini Jumamosi asubuhi, nilishika kidonge, namba alisoma na kuandika Ikupa, nami nilimwamini. Wakaniandikia onyo dogo la kuamini mno. Yeye wakamnyang'anya kibali cha usalama, na bila kibali hakuna kazi, na viza yake ilikuwa imefungwa kwenye kazi ile. Akahangaika mpaka akapata viza nyingine, na leo yuko Cabramatta, anaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ni kazi ya heshima, hata mimi wananiogesha hapa, lakini alisomea kupima mionzi, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu.

Na bado sijamaliza kuona aibu. Mwaka ule ule kwenye sherehe ya ubatizo, kijana mmoja akapaza sauti, "Jamani, Mama Mionzi amefika, sogezeni watoto!" Ukumbi ukaangua kicheko. Ikupa ndiye aliyekuwa mlangoni na bakuli la maandazi. Nilikuwa meza ya mbele. Nilicheka, wanangu. Si sana, ila alinisikia. Hakuja tena kwenye shughuli zetu, na watu wakasema anaringa.

Sasa nchi hii inataka nyambizi zake yenyewe za nyuklia, na imeanzisha ofisi mpya ya kuzisimamia, na inatafuta watu. Ikupa ameomba. Ofisi imeniandikia mimi kama mkuu wake wa zamani, inauliza kama nasimama na maneno niliyosema mwaka ule. Wanataka jibu la kiapo, karatasi halisi mkononi, si barua pepe, na mwisho wa kupokea ni leo Ijumaa saa kumi na moja jioni. Bila jibu langu jalada lake linafungwa lilivyo. Ikupa hakuniandikia hata mstari mmoja. Hakuomba kitu.

Jibu nimeshaandika. Yule mfamasia wa hospitali, wa hapa chini, alipanda asubuhi kushuhudia, nikamwambia aweke simu yake pembeni atazame mkono wangu tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Akadhani dawa zimenipanda kichwani. Nimeeleza yote, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, mkia wa tisa, chakula cha nyumbani. Nimeeleza pia kwamba Ikupa alitii pale ambapo hakupaswa kutii, maana akiingia kwa uongo mwingine nitakuwa nimemharibia mara ya pili. Bahasha iko chini ya mto.

Dunstan, juzi nilipokudokeza uliniambia, "Mum, let it go," yaani niachane nalo. Nakuelewa. Unachora mabomba ya nyambizi hizo hizo, una kibali kama alichokuwa nacho Ikupa, na unaogopa kwamba wakimwona mama mwongo watamtazama na mtoto. Watakutazama, mwanangu. Waache wakutazame. Kama mabomba yako yamechorwa vizuri, macho ya watu hayayatoboi. Ndiyo maana nataka uipeleke wewe, si Zakayo, wewe uliyeoa siku ile. Usiipeleke kwa kulazimika. Ila ipeleke.

Usinijibu kwa Kiingereza. Niambie kwa lugha niliyokulelea nayo.

Umesema utaipeleka. Nimesikia. Zakayo umesikia? Katungu? Basi.

Mkitoka ofisini nendeni Cabramatta. Zamu yake inaisha saa kumi na mbili. Mpeni nakala, asome mwenyewe. Nanyi nawajua, na kanisa nalijua, mtataka kumshika mikono mumwombe anisamehe, aje msibani asimame mbele ya watu aseme hana kinyongo, ili mimi nizikwe vizuri. Msifanye hivyo. Nawakataza. Walishamketisha mara moja wakamwambia la kusema. Akinyamaza, nyamazeni naye. Akifunga mlango, shukuruni mrudi. Na msibani pale mnapotangaza kwamba anayemdai marehemu aione familia, mseme jina lake na jambo lenyewe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na wale akina mama watatu wawe wamekaa mbele. Kijana wa ule mzaha naye awepo.

Katungu, ninyanyue kidogo. Hivyo. Asante, mama.

Mungu awape... awape wenzi wa kuwasahihisha, na masikio ya kusikia mnaposahihishwa. Zakayo, umalize shule. Uwe mtu anayeuliza. Dunstan, Mungu aibariki mikono yako. Katungu, wewe umekuwa binti kwangu, na sikustahili binti, maana niliyekuwa naye kwanza nilimfanyia hivi. Watoto wenu wawe wengi, waseme kweli wakiwa wadogo, wasije wakajifunza ukubwani kama mimi... hapa kitandani.

Hapana, msikae. Mnataka kukaa ili mnishike mkono. Nitashikwa na wauguzi. Mkirudi mkikuta nimekwenda, ni sawa, mtakuwa mlikuwa mahali nilipowatuma. Lifti ya hapa inachelewa, teremkeni kwa ngazi. Treni ya mjini inapita kila dakika kumi... sasa ni saa nane kasoro. Mna muda. Si mwingi.

Chukua bahasha, Dunstan. Nenda.