Bi. Adela Kimaryo, Aliyewaandikia Wateja Wetu Kila Mwezi

Ijumaa ya tarehe 29 Mei, Bi. Adela Kimaryo anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya Riverdale Park, huku ughaibuni, kwa miaka ishirini na miwili.

Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kupokea simu. Sisi hutunza hesabu na kushughulikia kodi na leseni za biashara ndogo: saluni, wapishi wa sherehe, walezi wa watoto, kampuni za usafi. Siku hizo wateja walituona msimu wa kodi tu, wakiwa na mfuko wa risiti mkononi na hofu usoni. Bi. Adela hakuipenda hali hiyo. Akamwomba Mzee Gervas, mwenye ofisi, ruhusa ya kumwandikia kila mteja barua pepe fupi kila mwezi. Mzee alidhani ni moto wa mfanyakazi mgeni, utapoa kabla ya Krismasi. Akakubali.

Haukupoa. Barua zake zilianza na jambo la kazi: leseni inakaribia kuisha, utaratibu fulani umebadilika. Kisha swali la mtu anayekujua: lile jiko jipya linakwendaje? Jirani wa ghorofani bado anawapigia kelele? Wakenya aliwaandikia kwa Kiswahili chao, Wakongomani akawachanganyia Kifaransa kidogo alichookota kwao wenyewe, na waliozaliwa hapa wakapata Kiingereza. Barua moja ya kutumiwa watu wote hakuitaka kabisa.

Alikosea pia. Mwaka mmoja alimpongeza Clement, kinyozi wa huko Bowie, kwa kupata mtoto wa kike. Mtoto alikuwa wa mteja mwingine kabisa. Clement akajibu siku hiyo hiyo: "Dada Adela, asante, lakini mke wangu ameisoma kabla yangu na anasubiri maelezo." Bi. Adela alimpigia simu mke mwenyewe, akajieleza, wakacheka, wakawa marafiki. Pilau ya sherehe yetu ya kumuaga anaipika mama huyo.

Lakini anayetaka kumjua Bi. Adela vizuri na asikie habari za Bwana Njuguna, ambaye ameturuhusu tuzisimulie. Yeye na mkewe walikuwa na kampuni ya kusafisha maofisi huko Germantown. Kipupwe fulani akaacha kujibu. Bi. Adela aliendelea kuandika: bima, leseni, swali lake la kawaida. Mwishowe jibu likaja: "Mama, wacha kuniandikia. Hiyo kampuni tulizika pamoja na bibi yangu."

Hatukujua kwamba mkewe amefariki. Meza yangu ilikuwa karibu na ya Bi. Adela, nikamwona akivua miwani.

"Fidelis," akaniambia, "miezi yote hii namwuliza mtu habari za mashine za kufutia sakafu, kumbe yuko msibani."

Mzee Gervas alishauri jina liondolewe, tusimsumbue zaidi. Ulikuwa ushauri wa heshima, na Bi. Adela alizunguka nao siku kadhaa, leo anaukubali, kesho anaukataa. Aliogopa kumwongezea mtu uchungu; aliogopa vilevile kumwacha peke yake. Kisha akaandika: "Pole sana, kaka yangu. Ya biashara nimeyaacha. Naomba ruhusa ya kukuuliza hali yako tu."

Wiki zikapita. Jibu likaja, neno moja: "Uliza."

Akawa anauliza. Umekula? Watoto wanalala? Bwana Njuguna alijibu mstari mmoja, baadaye mitatu, na siku moja ukurasa mzima juu ya mkewe: alivyokuwa akiimba akipiga deki, alivyokuwa akigombana na wenye majengo hadi wanacheka. Bi. Adela alitoka nje kuusoma mara ya pili. Mwaka uliofuata, Bwana Njuguna ndiye aliyetangulia kuuliza kuhusu leseni. Kampuni imefunguliwa tena, binti yake ndiye msimamizi, na sasa ina jina la marehemu.

Tangu hapo Mzee Gervas mwenyewe, kabla hatujamtumia mteja chochote, husimama mlangoni na kuuliza, "Huyu hali yake ikoje?" Tusipojua, tunapiga simu kwanza.

Mwezi huu Bi. Adela amewaandikia wateja wote kuwaaga na kumtambulisha Jelagat, atakayeishika kazi hii. Tulitegemea maswali ya kodi. Majibu yamefurika, na karibu wote wanauliza jambo moja: sasa tukuandikie wapi? Amewapa anwani yake ya nyumbani, bila kututaka ushauri.

Bi. Adela, asante kwa kutufundisha kuuliza na kisha kusubiri jibu. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na foleni, na wajukuu wanaokujibu kwa Kiswahili. Na tafadhali, dada yetu, hizo barua usizijibu zote siku moja.

Fidelis, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako