Uzi Mweusi Uliosalia: Maisha ya Mwalimu Sonunbu Satarkulova, 1971–2024

Mwalimu Sonunbu Satarkulova, anayezikwa leo hapa kijijini Tash-Kechuu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika nyumba hii hii, mtoto wa kwanza wa mchunga mifugo Satarkul na mkewe Zuura. Siku hiyo theluji ilikuwa imefika dirishani, na mkunga aliletwa kwa farasi. Bibi yake, Batmakan, alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alitanguliza kichwa kutoka tumboni na tangu hapo hakukubali mtu amtangulie. Miaka sita baadaye, mwezi Mei 1977, alizaliwa mdogo wake, Burulcha. Baina yao hapakuwa na mtoto mwingine aliyeishi.

Mwezi Juni 1978, Burulcha alipofikisha mwaka na kuanza kusimama, alifungwa miguu kama anavyofungwa kila mtoto wa hapa, kwa kamba ya sufu ya nyuzi mbili, mweupe na mweusi. Watoto wa kijiji walipangwa kule kwenye mfereji, wakaambiwa wakimbie. Atakayefika kwanza apewe kisu akate kamba, ili mdogo huyo atembee kwa miguu myepesi kama yake. Marehemu alikuwa na miaka saba. Aliwashinda watoto kumi na mmoja, wanne kati yao wakubwa kuliko yeye. Alipokea kisu, akakata, akatupa kisu, akanyakua zawadi yake, kitambaa chekundu cha kichwani, na kukimbia nacho kuwaonyesha wenzake.

"Wee Sonunbu!" bibi aliita. "Umekata nusu! Rudi hapa!"

"Nimeshakata, bibi!" alijibu bila kugeuka.

Alikuwa amekata uzi mweupe. Mweusi ulibaki. Burulcha alijaribu hatua ya kwanza, akaanguka, akapasua kidevu kwenye jiwe, na kovu lake lipo hadi leo kwa anayetaka kuliona. Bibi aliukata uzi uliosalia kwa meno. Lakini wote mnajua kwamba kamba hiyo hukatwa mara moja tu, tena na aliyeshinda mbio. Marehemu alikisimulia kisa hiki katika harusi nyingi, akicheka mpaka machozi. Mdogo wake hakukisimulia hata mara moja. Yeye alibaki na jina tu. Wapo hapa mbele ya hema la msiba wazee waliomwita Uzi Mweusi tangu utotoni, na wengine hawajui kwamba ana jina jingine.

Marehemu alianza shule Septemba 1978, akamaliza Juni 1988 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Alisoma kama watu wanavyokunywa maziwa ya farasi siku ya jua, bila kupumua. Burulcha alianza Septemba 1984. Alianguka kwenye ngazi za shule siku ya kwanza na siku ya pili. Hakuweza kuruka kamba, hakuweza kusimama kwa mguu mmoja kuvaa kiatu, na herufi ubaoni hazikutulia mbele ya macho yake. Alirudia darasa la kwanza. Watoto walisema, "Mwacheni, amefungwa huyo, dada yake alimkata nusu." Watu wazima walisema vivyo hivyo, kwa sauti ya chini kidogo.

Katika majira ya kupukutika majani mwaka 1986, baba yao aliwaita wote wawili karibu na jiko.

"Sonun, wewe ndiye unayejua mambo ya shule. Unasemaje? Mdogo wako aendelee?"

Marehemu alikuwa na miaka kumi na mitano na kitabu mapajani. Hakukifunga.

"Ataanguka tu, baba," alisema.

"Basi. Mmoja asome, mmoja akamue."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mmoja alisoma, mmoja alikamua. Ng'ombe watatu, mbuzi, na majike ya farasi kila kiangazi. Marehemu alijiunga na chuo cha ualimu mjini Naryn mwaka 1988, na kila Jumamosi alitumiwa mkate, siagi na nyama ya kukausha. Mikono iliyokanda mkate huo haikuwahi kuulizwa.

Alianza kufundisha darasa la kwanza hapa kijijini Agosti 1992, wakati ambapo walimu wengine walikuwa wakikimbilia sokoni kuuza nguo. Hilo ni la kusifiwa na linasifiwa. Alifundisha miaka thelathini. Mwaka 1999 alikuwa na mwanafunzi aitwaye Aizirek, mtoto mchangamfu, mwenye maneno mengi, ambaye hakuweza kusoma hata jina la mama yake. Siku moja, kwenye michezo, Marehemu alimwona Aizirek akisimama kwa mguu mmoja na kuanguka papo hapo. Alirudi nyumbani akakaa kwa muda mrefu akimtazama mdogo wake akimimina chai.

"Burul, wewe ulikuwa ukianguka upande gani?"

"Upande uliokuwa na mawe," Burulcha alijibu.

Marehemu hakucheka. Kesho yake aliwasimamisha watoto wote ishirini na sita kwa mguu mmoja, mmoja mmoja, akahesabu mpaka kumi na kuandika kwenye daftari. Alifanya hivyo kila Septemba. Mwaka hadi mwaka aliona kwamba wengi kati ya wale waliokuwa wakiyumba ndio waliokuja kuhangaika na herufi. Hakuwachapa, hakuwarudisha nyumbani, hakumwita mzazi na kumwambia mtoto wako ni mzito. Aliwakalisha mbele. Nyuma ya shule alilaza gogo juu ya mfereji mkavu, na kila asubuhi aliwapitisha juu yake huku amewashika kiuno. Kisha wakaingia ndani wakaandika herufi kubwa kwa kidole kwenye sinia la unga.

Mkaguzi mmoja alipokuja kutoka mkoani alimdhihaki mbele ya darasa.

"Mwalimu, hapa ni shule au ni sarakasi? Nani amekwambia gogo linafundisha kusoma?"

"Hakuna aliyeniambia, ndugu mkaguzi. Gogo halifundishi, mimi ndiye ninayefundisha. Gogo linanionyesha mapema nani wa kumshika."

Maneno hayo yalirudiwa wilaya nzima. Wazazi walimletea watoto kutoka vijiji vitatu. Watoto zaidi ya mia mbili walivuka gogo lile wakiwa mikononi mwake, na wengi wamesimama hapa leo, wamevaa kofia nyeupe, wanalia. Wana haki ya kulia. Wao walishikwa.

Aliolewa tarehe 20 Agosti 1994 na Jakyp, dereva wa trekta, mtu mpole, ambaye alimwona akisoma gazeti juu ya farasi na akasema huyo ndiye. Siku hiyo wanawake walisema, "Satarkul ana binti wawili, mmoja ana macho ya kusoma, mwingine ana macho ya moshi." Jakyp akaja kuishi hapa kwa mkewe, kwa kuwa nyumba haikuwa na mtoto wa kiume, na Mungu aliwajalia Meerim na Bakyt. Burulcha hakuolewa. Aliyekuja kumtazama aliambiwa mlangoni kuhusu kamba, akanywa chai yake akaondoka. Watoto wa Marehemu walilelewa na mama wawili, mmoja wa daftari na mmoja wa sufuria, na wanajua wenyewe ni yupi aliyewafundisha kutembea. Kamba zao zilikatwa vizuri. Burulcha alichunguza nyuzi zote mbili kwa vidole vyake.

Mwaka 2009 kilitolewa kijitabu cha Marehemu kuhusu watoto wanaoyumba na kusoma kwao, kurasa arobaini, picha yake mbele. Nyumba ilijaa wageni. Meerim, wakati huo akiwa na miaka kumi na miwili, alisoma kwa sauti mezani.

"'Msichana B., mtoto wa mchunga mifugo, alianguka mara kwa mara, hakujifunza kusoma, akaondolewa shuleni.' Mama, B. ni nani?"

"Mtoto mmoja tu wa zamani," Marehemu alisema. "Endelea, mwanangu."

"Huyo mtoto mmoja wa zamani," Burulcha alisema kutoka jikoni, "ndiye anayekaanga maandazi mnayokula."

Baadaye, dada hao wawili walipokuwa wakiosha vikombe, Marehemu alisema, "Niliandika herufi moja ili nisikuaibishe."

"Aibu yangu naijua, dada, nimeishi nayo. Ambacho sijawahi kukiona ni jina langu. Siku ya kwanza ya kuandikwa kitabuni, ukanikata nusu tena."

"Burul..."

"Watoto wa watu umewashika kiuno wakavuka. Mimi ni mita mia kutoka kwenye gogo lako. Ulisubiri nini?"

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini hawakusema kwamba asimnyoe na mdogo wake. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na mitatu, walisemezana mambo ya chumvi na kuni tu. Na isemwe wazi, kwa kuwa maiti hadanganywi: Burulcha alimwonea wivu dada yake kila siku ya miaka hiyo. Alionea wivu miwani yake. Alimwonea wivu hata Aizirek, ambaye leo ni muuguzi.

Oktoba 2022, Marehemu alianguka darasani akiwa ameshika chaki. Akaanguka tena uani, tena sokoni. Madaktari wa mji mkuu, Bishkek, waliona uvimbe nyuma ya ubongo, mahali, walivyoeleza, panapoushikilia mwili usiyumbe. Upasuaji ulifanyika Januari 2023. Ulimwongezea siku, haukumrudishia miguu. Jioni moja alikuwa amefungua kitabu, akakigeuza huku na huku.

"Burul, herufi zinaruka kama viroboto."

"Karibu nyumbani," Burulcha alisema.

Halafu Marehemu akaanza kucheka, na mdogo wake naye, mpaka Jakyp akaja kuuliza kuna nini. Walipotulia, Marehemu alimshika mkono. "Nisimulie. Ilikuwaje kwako?" Miaka arobaini na mitano, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Burulcha alisimulia mpaka chai ikapoa.

Theluji ilipoyeyuka, Marehemu alitaka kupelekwa nyuma ya shule. Alikalishwa kwenye kiti, akamwamuru mdogo wake apande gogo.

"Nakaribia miaka arobaini na sita. Watu watacheka."

"Wacheke. Panda. Nitakushika."

"Wewe? Wewe mwenyewe nimekuleta mgongoni!"

"Basi tuanguke wote. Panda, Burul. Wakati ule nilimwambia baba utaanguka tu. Nilimwambia hivyo kwa sababu nilijua ni nani aliyekukata nusu, na sikutaka kukuona kila siku shuleni. Panda."

Burulcha alipanda. Alianguka, si mara moja. Hapa hakuna muujiza wa kusimuliwa. Mpaka leo hawezi kusoma gazeti, na hatadanganya kwamba anaweza. Lakini majira ya baridi yaliyofuata, sinia la unga likiwa kitandani kati yao, walishika neno moja kwa wiki, majina ya watu wa nyumba hii. Marehemu hakuwa akiziona herufi vizuri tena, kwa hiyo alizifundisha kwa kushika kidole cha mwenzake. Jina la mwisho lilichukua wiki tatu.

"Siku yangu," alisema, "Meerim asome wasifu. Orodha ya mwisho usome wewe. Na ujitaje kwa jina lako lote, si herufi."

Alifariki hapa nyumbani Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa tano asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake, unga ukiwa bado kwenye kucha zao.

Mpaka hapa amesoma Meerim, aliyeandika kama alivyotamkiwa na mama yake mdogo. Majina yanayofuata yanasomwa na mdogo wa Marehemu, na anaomba asisaidiwe hata akikwama.

Marehemu ameacha mume, Jakyp. Ameacha binti, Meerim. Ameacha mwana, Bakyt. Ameacha mjukuu, Nursaid, ambaye kamba yake itakatwa kiangazi hiki. Na ameacha mdogo wake, Burulcha Satarkulova.

Bakyt, wewe ndiye utakayeshuka kaburini kufungua vifundo vya sanda ya mama yako. Usiharakishe, mwanangu. Fungua vyote.

Nenda kwa miguu myepesi, dada. Lala, hutaanguka tena.