Kanda ya Kupamba

Sidi alikuwa kwenye feri ya Likoni akienda kazini kisiwani. Kando yake wanawake wawili wa buibui, wasiojuana, walishamaliza kuamkiana na kujuliana hali, wakaingia kwenye mambo ya ndani.

"Siku ya sherehe ya kupamba bi harusi nilicheza hadi miguu ikafura," alisema yule mdogo. "Nilifurahi, wallahi. Jana nikaletewa kanda ya video. Kila mtu yumo, mie simo."

Yule mtu mzima akacheka kidogo. "Si ulikuwako, mwanangu? Kanda itakupa nini?"

"Ndilo nisilolielewa. Tangu jana najiuliza kama kweli nilifurahi. Hata chakula hakipiti."

Yule mama akamwambia aache utoto, yeye kanda hizo hata hazitazami. Sidi, ambaye kwenye harusi hizo hualikwa kuosha vyombo, alimwona mama ana busara.

Feri ikagusa gati, watu wakasimama. Mama akaufunga mtandio wake, akaufungua, akaufunga tena.

"Kupamba kwa nani, umesema?"

"Kwa Najla, wa Kibokoni."

Mlango wa feri ukateremshwa.

"Mie nilivaa gauni la kijani," mama akasema polepole. "Nilikaa karibu na bi harusi. Hebu kumbuka vizuri, kwenye kanda nimo?"