Mramba Sanga, Fundi Aliyeuliza "Kwa Nini?" Mpaka Mwisho

Mramba Sanga alizaliwa Sabaki tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa pili wa Mzee Sanga. Sehemu kubwa ya wasifu huu aliiacha tayari, akamkabidhi bintiye Phoebe aumalizie na kuusoma kwa sharti moja: asiruke aya ya ugonjwa. Alijua yatakayonong'onwa matangani.

Alisoma shule ya msingi kijijini hadi 1976, kisha akajifunza ufundi wa mitambo Mombasa. Akiwa darasa la tano aliifungua redio ya babake aone inavyosema. Haikusema tena. Viboko vya siku hiyo alivisimulia kwa fahari.

Mwaka 1983 aliajiriwa kwenye mashamba ya chumvi Marereni, fundi wa pampu za kuvuta maji ya bahari, akatumika miaka thelathini na minane. Mwaka 2004 mota moja iliungua mara nne. Wakubwa wakataka kumfukuza Kahonzi, mwangalizi wa pampu, eti mzembe. Wengine wakasema pampu imerogwa. Loo, Mramba alikasirika!

"Mota imeungua kwa nini?" Pampu ilikwama. "Ikwame kwa nini?" Imemeza makome. "Makome yamepitaje?" Chujio halipo. "Nani kaliondoa?"

Aliyeliondoa ni yeye mwenyewe, msimu uliotangulia, ili maji yaje upesi. Akaenda ofisini, akasema, "Mwacheni Kahonzi. Mwenye kosa ni mimi." Chujio likarudishwa, na mota ile haikuungua tena. Kahonzi yuko nasi hapa leo.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Jedida Kache. Paa lilipovuja, Jedida alitaka sufuria tu itegwe. Bwana akashinda juu kutwa akisaka tundu. "Chakula kilipoa," asema Jedida, "lakini nyumba ile haivuji."

Sasa aya yenyewe. Mwaka 2016 aliambiwa ana presha, akapewa vidonge. Baada ya miezi michache akajiona mzima, akaviacha. Figo zikachakaa kimya kimya. Kufikia 2023 alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hapo jamaa wakaanza kumtazama kwa jicho baya kaka yake, Mzee Mwaro, eti ndiye aliyemroga, kwa kuwa ana mvi na anaishi peke yake. Wakataka kwenda kwa mganga.

Mramba akajiinua kitandani. "Phoebe, waambie. Nimeugua kwa nini? Figo. Figo zimekufa kwa nini? Presha. Presha imepanda kwa nini? Dawa ziliachwa. Nani kaziacha? Mimi! Wakimgusa kaka yangu, watakuwa wamemfukuza Kahonzi."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Jedida, watoto, Phoebe, Gona na Everlyne, wajukuu watano, na kaka yake Mwaro, ambaye kwa agizo la marehemu ndiye atakayetia udongo wa kwanza.

Mungu amlaze salama fundi wetu. Baba mkubwa Mwaro, karibu mbele.