Kwaheri Mzee Bamba, na Ile Eksi ya Chaki

Leo, tarehe 30 Juni, fundi mchomeleaji wa karakana yetu anastaafu baada ya kutumikia idara ya maji kwa miaka thelathini na minne. Kwenye faili lake ana jina refu la heshima, lakini tangu zamani anayelitumia ni karani wa utumishi peke yake. Sisi wengine tunamwita Mzee Bamba, na tulianza kumwita Mzee akiwa hana hata unywele mmoja mweupe.

Aliajiriwa kama msaidizi wa fundi wa bomba za moshi. Wiki yake ya kwanza alipewa meza ya kufanyia kazi iliyokuwa ikiyumba, akaambiwa aitazame. Aliitazama kweli. Tulipohamia jengo hili, meza ile iligoma kufunguka hata mguu mmoja, ikabidi tung'oe fremu ya mlango ili ipite. Ipo mpaka leo, na wanaoilalia kila mchana baada ya chakula wanajijua.

Jina la Bamba alilipata kwenye magari ya porini. Wenye umri wanakumbuka kwamba magari yetu yote ishirini na mawili yalikuja bila mikanda kwenye viti vya nyuma. Miaka kumi na miwili iliyopita likaja agizo kwamba kila abiria afunge mkanda, akaletwa mkandarasi kutoka nje. Alitoboa bati la bodi, akapitisha bolti, akaweka wosha ndogo kama kifungo cha shati, akakaza. Kwa siku nne alimaliza magari yote na sisi tukampigia makofi.

Mzee Bamba hakupiga makofi. Aliingia gari la kwanza, akainua zulia, akaligusa kwa bisibisi bati lililoshika mkanda. Bisibisi ikatokea upande wa pili. Chini ya rangi nzuri kulikuwa na kutu tupu. Akatuita, akatueleza taratibu kama anayefundisha watoto wa shemeji yake, kwamba mkanda wenyewe hauna shida, shida ni pale uliposhikiliwa, na gari likigonga kitu bolti itang'oka na bati lake na abiria ataondoka nayo.

Akaanza kuyarudia magari yote, moja moja. Anakata bati bovu, anachomelea jipya, kisha nyuma yake anaweka bamba nene la chuma, upana wa viganja viwili, lenye pembe za mviringo zisije zikakata bati. Kila gari lilimchukua siku tatu, na kazi yote iliishia chini ya zulia ambako haionekani. Tulimtania sana. Madereva walisema anajenga kifaru. Naye akimaliza gari alikuwa anapanda kiti cha nyuma, anafunga mkanda, anamwamuru dereva akimbize gari uwanjani kisha akanyage breki zote. Alishuka akiwa ameridhika, kofia ikiwa imebaki kwenye kioo cha mbele.

Magari yalikuwa mengi na safari hazikusubiri, kwa hiyo akaweka utaratibu. Gari ambalo bado hajaliimarisha alilichora eksi kubwa ya chaki kwenye mlango wa nyuma, maana yake asipande mtu nyuma. Eksi aliichora yeye na aliifuta yeye. Hapakuwa na karatasi wala mhuri. Karakana nzima iliijua sheria hiyo, na mimi niliyekuwa msimamizi wa yadi niliijua kuliko wote.

Mhariri wa jarida aliniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha, na mpaka hapa nimejitahidi. Yanayofuata aniwie radhi, kwa sababu nisipoyaandika leo sitayaandika tena.

Mwaka uliofuata tulitembelewa na wageni kutoka makao makuu. Nilitaka yadi ing'ae. Magari yalioshwa, yakapangwa mstari mmoja, na nilipoyakagua niliona eksi ya chaki kwenye mlango wa gari namba kumi na nne. Kwa macho yangu ya siku ile ilikuwa uchafu. Nilichukua kitambaa nikaifuta mwenyewe, nikijiambia kwamba wageni wakiondoka nitairudisha. Wageni waliondoka saa kumi, wakiwa wametusifu kwa usafi, na mimi nikaenda nyumbani na sifa zangu.

Asubuhi yake, kabla sijafika kazini, dada mpima maji alipanda nyuma ya gari lile na vifaa vyake. Aliangalia mlango, hakuona eksi, akafunga mkanda kama agizo linavyotaka. Kilomita thelathini mbele gari liliingia kwenye korongo. Dereva alichubuka kidevu. Mkanda wa nyuma uling'oka na bolti yake na kipande cha bati, na dada yule akavunjika nyonga. Leo yuko chumba cha ramani, na fimbo yake mnaisikia koridoni kila asubuhi. Alikuwa mtu wa mito na visima, na tangu siku ile hajarudi porini.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku mbili. Mzee Bamba alisema eksi aliichora. Walioulizwa wote walisema hawakuiona, na walisema kweli. Kamati ikaandika kwamba fundi alizembea kuweka alama, akapewa onyo la maandishi. Nami nilikuwa chumba kile kile, nikiandika kumbukumbu za kikao, na neno uzembe nililiandika kwa mkono wangu. Nilinyamaza kwa woga. Siku zilizofuata nilinyamaza kwa aibu ya kuwa nilinyamaza, na ndivyo miaka kumi na moja ilivyokatika.

Cheo cha fundi mkuu kilikuwa chake mwaka ule, hakuna aliyekuwa na shaka. Hakukipata, wala hakuwahi kufikiriwa tena. Mimi nikapandishwa kuwa mkuu wa karakana, na kila mwaka niliijaza fomu yake ya tathmini huku onyo lile likiwa limebanwa ukurasa wa kwanza.

Yeye hakununa. Aliendelea na mabamba yake mpaka magari yote yanayotembea yakaisha, kisha akaanza duru ya pili kwa sababu kutu haipumziki. Miaka mitano iliyopita gari namba tisa lilipinduka likiwa na watu wanne nyuma. Wote walitoka kwa miguu yao, na mmoja alirudi ndani kufuata viatu. Mzee Bamba aliletewa gari lile. Aliingia nyuma, akapapasa mabamba yake yote manne, akakuta hata moja halijasogea, akaenda kunywa chai.

Namba kumi na nne lilikuwa limesimama nyuma ya ghala tangu ajali. Mwaka huu lilipopata injini, Mzee Bamba aliomba liwe kazi yake ya mwisho. Alilichora eksi kama kawaida, akalifanyia kazi siku tatu, akafunga mkanda, akapigiwa breki. Kisha akamtuma mtu kuniita. Nilipofika alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, na eksi ilikuwa bado ipo. Akanipa kitambaa. Akaniambia nifute mimi, bwana mkubwa, leo ruhusa ipo.

Nilijua hapo hapo kwamba alijua, na alijua siku zote. Nilipomuuliza, alisema kwa upole kwamba jioni ile ya wageni aliiona chaki kwenye mkono wa koti langu jeusi, asijue ni ya nini mpaka ajali ilipotokea. Alisubiri niseme kwenye kamati. Baadaye akasubiri niseme siku yoyote ile. Nilifuta.

Kwa hiyo naandika hapa, mbele ya watumishi wote: eksi ilichorwa, na mimi ndiye niliyeifuta. Barua yangu iko mezani kwa mkurugenzi tangu jana, nikiomba onyo liondolewe kwenye faili la Mzee Bamba na liwekwe kwenye langu. Dada mpima maji nilimwambia ana kwa ana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake akatoka, na hiyo ni haki yake.

Mzee Bamba, asante kwa miaka thelathini na minne, na kwa kila aliyeshuka salama bila kujua kilichokuwa chini ya zulia. Shemeji yetu, mkeo, ametuambia anahofia utavitia mabamba viti vya jikoni kwake, na sisi tunamwombea. Nenda ukapumzike wewe na wako, afya iwe njema na siku ziwe nyingi. Leo gari la kukupeleka nyumbani ni namba kumi na nne. Wewe utakaa mbele kwa dereva. Mimi nitakaa nyuma.