Josepha na Daftari la Vifurushi

Baba Mchungaji, wazee wetu wa Heru Juu, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi nyote mlioacha mashamba na maduka yenu kuja kukaa nasi leo Alhamisi, tarehe 13 Agosti 2015, familia ya mzee Venanti Hatungimana inawaomba utulivu wenu msikilize maisha ya binti yao Josepha, yanayosomwa na kaka yake mkubwa, Crispin, kama yalivyoandikwa na familia, na katika sehemu moja kama alivyotaka yeye mwenyewe yaandikwe.

Josepha alizaliwa hapa Heru Juu tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Venanti na mama Esteri, siku ya mvua kubwa iliyomchelewesha mkunga njiani, akapokelewa na bibi yake. Alianza darasa la kwanza mwaka 1989 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akamaliza mwaka 1995, akasoma sekondari Kasulu mjini kuanzia 1996 hadi 1999, kisha kidato cha tano na cha sita Tabora, na mwaka 2005 akapata stashahada ya takwimu Dar es Salaam, akiwa binti wa kwanza wa ukoo huu kusomea hesabu hadi ngazi hiyo, jambo ambalo baba yake alilitaja kwa kila mgeni, hata kwa wageni waliokwisha kulisikia.

Tarehe 8 Januari 2007 aliajiriwa na mradi wa kugawa mbegu bora kwa wakulima wa Kasulu na Kibondo, akapangiwa ofisi ndogo ya Kasulu, na tarehe 19 Julai 2008 akafunga ndoa na mwalimu Lusajo, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, ambaye siku ya kwanza alipoletwa nyumbani alisalimia kwa Kiha alichokariri kwenye basi, akawachekesha wazee mpaka wakasahau kumuuliza maswali waliyokuwa wameyaandaa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Esteri aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2009, na Venanti aliyezaliwa tarehe 27 Aprili 2012, nao wako hapa mbele, pamoja na baba yao.

Sasa tunafika kwenye sehemu ya kazi yake aliyotuagiza tusiiruke.

Mwaka 2012 mradi ulianza kutoa orodha za wakulima kwa kompyuta, na Josepha ndiye aliyeandika programu ya kazi hiyo, na kwa wale ambao hatukusomea mambo haya alikuwa akitueleza kwamba kompyuta huandikiwa kazi kwa lugha maalumu, na lugha hiyo ikiwa peke yake inajua mambo machache, kwa hiyo watu wa nchi mbalimbali huiandikia nyongeza zinazoitwa vifurushi, kimoja cha kuchora ramani, kingine cha kusoma tarehe, na anayetaka kimoja hulazimika kuweka na vingine ambavyo hicho kinavitegemea, kila kimoja na namba ya toleo lake, na matoleo yasipopatana kazi iliyokwenda vizuri jana inaweza kuharibika leo bila mtu kugusa hata mstari mmoja wa programu yenyewe.

Mashine kubwa ilikuwa Kibondo, kwenye jenereta na printa, na ndiko orodha za wilaya zote mbili zilikotolewa, lakini mtandao wa Kibondo ulikuwa dhaifu, kwa hiyo Josepha alikuwa akivipakua vifurushi Kasulu, anaviweka kwenye flashi, anaitia flashi ndani ya bahasha ya kaki, anamkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, na kule stendi ya Kibondo anaipokea Lukmani Saidi, kijana wa hapo hapo Kasulu mjini, mtoto wa Bi Kuruthumu anayeuza khanga sokoni, aliyeajiriwa kwa mkataba Februari 2012 kuitunza mashine hiyo. Makondakta waliizoea bahasha ile wakawa wakimwita kwa sauti, "Lukmani, barua yako ya posa imefika," naye akijibu kwamba bibi harusi wa safari hii ana matoleo mengi kuliko wa safari iliyopita.

Kila kifurushi kilichowekwa kilipaswa kuandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, jina lake, toleo lake, tarehe, na sahihi ya aliyekiweka, na sheria hiyo aliitunga Josepha mwenyewe, akamfundisha Lukmani kwa ukali kidogo, akimwambia kwamba mashine haina kumbukumbu ya aibu, watu ndio walio nayo, kwa hiyo waandike. Lukmani aliandika kila mara, hata siku aliyoweka kifurushi kimoja akakiondoa baada ya dakika kumi.

Jumatano tarehe 9 Oktoba 2013 Josepha alikwenda Kibondo kikazi, kwa sababu wageni kutoka Dar es Salaam walitaka ramani ya vijiji vinavyopata mbegu, na siku hiyo Lukmani alikuwa amepewa ruhusa kwenda kumzika shangazi yake. Modemu ilishika mtandao vizuri kuliko siku zote, Josepha akaanza kuweka kifurushi cha ramani, mashine ikamuuliza kama iviweke upya na vifurushi vyote vilivyopitwa na matoleo mapya, naye akajibu ndiyo, akitazama saa, kwa kuwa basi la kurudi lilikuwa linaondoka na mtoto wake mdogo alikuwa na homa. Ramani ilitoka, wageni walifurahi, na daftari halikufunguliwa, kwa sababu aliyetunga sheria alijiambia ataandika wiki ijayo.

Miongoni mwa vifurushi vilivyobadilika kilikuwamo kile cha kusoma tarehe, na toleo lake jipya lilianza kusoma mwezi kabla ya siku, hivyo mkulima aliyeandikishwa tarehe 17 ya mwezi wa sita akawa ameandikishwa mwezi wa kumi na saba, mwezi ambao haupo, na programu ikamhesabu kuwa hajaandikishwa. Wakulima wa kata ya Rungwe Mpya waliandikishwa kuanzia tarehe 17 hadi 21 Juni 2013, wote, tofauti na kata nyingine zilizoandikishwa siku za mwanzo wa mwezi, na kwa hiyo orodha ilipochapishwa mwishoni mwa Oktoba kaya zote mia moja na arobaini na tatu zilizoandikishwa katika kata hiyo hazikuwamo, wala mashine haikutoa onyo lolote.

Siku ya kugawa mbegu, mama mmoja wa Rungwe Mpya, Asia, aliyetoka nyumbani kabla hakujakucha, aliisikiliza orodha ikisomwa mpaka mwisho, akaomba isomwe tena, ikasomwa tena, kisha akamwambia Josepha bila hasira, "Mwanangu, si ni wewe uliyeniandika? Nilikaa mbele yako, ukaniuliza jina la mume wangu mara mbili." Josepha alimjibu kwamba litafuatiliwa, na alituambia kwamba alipotamka neno hilo alikuwa ameshajua kosa ni lake.

Jumatatu tarehe 4 Novemba 2013 kilifanyika kikao ofisini Kibondo kumtafuta aliyebadilisha kitu kwenye mashine, daftari likafunguliwa mezani, na sahihi ya mwisho ilikuwa ya Lukmani, ya tarehe 2 Septemba. Lukmani alisema, "Mimi tangu siku hiyo sijaongeza kitu, kama ningeongeza ningeandika," na mmoja wa waliokuwapo akamjibu kwamba ndivyo wasemavyo wote. Kisha msimamizi wa mradi akamgeukia Josepha, akamuuliza, "Dada Josepha, mashine ya Kibondo iko mikononi mwa nani?" naye akajibu, "Iko mikononi mwa Lukmani." Alituomba tuliandike jibu hilo neno kwa neno, kwa sababu halikuwa na uongo ndani yake, na kwa karibu miaka miwili iliyofuata alikuwa akijificha humo, akijiambia kwamba hakumtuhumu mtu, aliulizwa swali akalijibu.

Lukmani alimtazama, akidhani bado ana la kuongeza, na alipoona haongezi, akalifunga daftari.

Mkataba wa Lukmani ulikatishwa tarehe 30 Novemba 2013, akabaki Kibondo kwa kuwa kurudi Kasulu kulikuwa kugumu, maana sokoni walimwita kijana aliyekula majina ya watu wa Rungwe Mpya, na wengine walikwenda mbali zaidi wakasema alikula na mbegu zenyewe. Akaweka meza ya kutengeneza simu karibu na soko la Kibondo. Mwezi Desemba Josepha alirudi kwenye ile mashine, na toleo la zamani la kile kifurushi alilipata ndani ya droo ya Lukmani, kwenye flashi aliyoitunza na kuibandika karatasi yenye tarehe, akalirudisha, orodha ikatoka sawa, na Rungwe Mpya wakapata mbegu Januari 2014, maharage yakiwa bado na msimu, mahindi yakiwa yameshachelewa. Ofisi ilimpongeza kwa kurekebisha kosa la mwenzake, na barua ya pongezi aliileta nyumbani, akaiweka chini ya godoro, hakumwonyesha hata mumewe.

Mwezi Mei 2014 Josepha alianza kuugua, na tarehe 12 Juni 2014 akagundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa hapa mkoani na baadaye Mwanza, akapata nafuu, akazidiwa, akapata nafuu tena. Bi Kuruthumu, mama yake Lukmani, aliposikia, alikuja nyumbani kwao Kasulu na chupa ya uji wa ulezi, akaketi kwenye mkeka kando ya kitanda, akamwambia, "Kunywa, mwanangu, Lukmani anakusalimu sana, anasema kazi yote aijuayo umemfundisha wewe." Mwalimu Lusajo alidhani mkewe ameshindwa kunywa kwa sababu ya dawa. Bi Kuruthumu alikuja tena, na tena, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Jumamosi tarehe 20 Juni 2015, akiwa na nguvu kidogo, Josepha aliaga kwamba anakwenda kliniki, akapanda basi mpaka Kibondo, akaenda kwenye meza ya Lukmani, na maneno aliyoyapanga njia nzima yakamkimbia, akatoa simu yake akasema imeharibika. Lukmani aliifungua, akaipima, akaifunga, akasema, "Dada, hii simu haina tatizo lolote." Josepha akasema, "Najua." Lukmani akangoja, akampa kigoda, akamnunulia soda, wakazungumza habari za mvua na za watoto mpaka basi la kurudi likapiga honi, na Josepha alipotaka kumlipa, Lukmani alikataa, akisema simu nzima hailipiwi.

Jumapili tarehe 5 Julai 2015 aliwaita mumewe na kaka yake, akawaeleza yote kama tulivyoyasoma hapa, na tarehe zake, akasema historia yake ikisomwa sehemu hii isomwe kwa kipaza sauti, kwa kuwa yule kijana alichafuliwa mbele za watu. Familia inakiri mbele yenu kwamba tangu siku hiyo mpaka anafariki zilipita siku thelathini na saba, na Kibondo si mbali, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda. Tulimwambia apone kwanza. Wapo waliosema historia ya marehemu si mahali pa kusomea makosa, na shangazi yetu mmoja aliuliza, "Mnamzika au mnamshitaki?" nasi hatuwezi kusema tulikaa kimya kwa kumlinda yeye peke yake, kwa kuwa jina hili la Hatungimana tunalibeba wote. Yeye alishindwa kusema akiwa mgonjwa, sisi tulishindwa tukiwa wazima.

Josepha alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Agosti 2015, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kasulu, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne na karibu miezi mitano.

Jana, Jumatano, Crispin alipanda basi mpaka Kibondo ili Lukmani asiyasikie haya kwa mara ya kwanza pamoja na umati, akamweleza akiwa amesimama, kwa sababu aliona haya kukaa. Lukmani aliacha bisibisi, akauliza ilikuwa tarehe ngapi, akaambiwa tarehe 9 Oktoba, akasema, "Siku ya maziko ya shangazi," kisha akaishika tena bisibisi. Mwishowe alisema, "Kaka, kasome. Ila usiwaambie watu kwamba nimesamehe, hilo sijalifikia bado." Kwa hiyo hatuwaambii hivyo. Hatujui kama yumo humu uwanjani, na tunawaomba msigeuke kumtafuta. Bi Kuruthumu aliambiwa asubuhi ya leo, nyumbani kwake, na yaliyosemwa huko yatabaki kwake.

Leo kabla ya ibada mwalimu Lusajo na Crispin wamepeleka barua katika ofisi ya mradi, yenye jina la kifurushi, toleo lake, tarehe, na jina la aliyekiweka, na wameomba iandikwe ndani ya daftari lile lile, mahali palipoachwa wazi. Ndugu zetu mliotoka Rungwe Mpya, tunawaomba mkifika nyumbani mwaambie wenzenu kwamba majina yenu hayakuliwa na Lukmani Saidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hapa mkoani na Mwanza, majirani wa Kasulu mjini waliowalea watoto mama yao akiwa wodini, majirani wa Heru Juu waliochimba kaburi tangu jana, wafanyakazi wenzake waliochangia usafiri, na Bi Kuruthumu, ambaye shukrani zetu kwake hatujui pa kuzianzia.

Sasa pumzika, Josepha, na amani yako iwe kamili, hata kama ya kwetu bado.