Mama Walburga na Kijiji Kisicho na Maskini

Tarehe 30 Juni 2006 Mama Walburga Ndunguru anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika wilaya yetu. Alianza kama karani wa masjala, akahudumu kata za Ukata na Lipingo, na tangu 2001 amekuwa akiandikisha wanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii kwa miguu, mwavuli mkononi. Siku moja huko Ukata nguruwe walimlia fomu zote. Alirudi nyumba zile zile akaziandika upya, akisema nguruwe hao angalau wamezipitia fomu, tofauti na sisi wa ofisini.

Sisi wa ofisi ya wilaya tulikuwa na utaratibu wetu. Matibabu ya bure yalishakwisha, na asiyeweza kuchangia alipaswa kusimama mbele ya mkutano wa kijiji, wenzake wathibitishe kuwa ni maskini, ndipo apewe kadi ya msamaha. Katika kijiji kimoja cha kata ya Litumbandyosi hakusimama mtu. Taarifa ikasema kijiji hakina maskini, ofisi ikapongezwa. Sentensi hiyo niliiandika mimi, Joakim Kapinga.

Miezi mitatu baadaye Aurelia, mjane aliyekaa mstari wa mbele siku ile ya mkutano, alifia nyumbani kwa homa ya mapafu. Hakuwa na kadi wala fedha. Zahanati ilikuwa ng'ambo tu ya kijito.

Mama Walburga alifoka mpaka watu wa ofisi za jirani wakachungulia. Alituuliza nani kati yetu angesimama kanisani Jumapili atangaze kwamba nyumbani kwake hakuna chumvi. Tangu wiki hiyo alipita nyumba kwa nyumba, akakaa jikoni kupukuchua mahindi na wenyeji, na fomu za msamaha akazijaza humo humo. Kaya sitini na mbili zilipata kadi, na jirani hakujua ipi ni ya msamaha.

Kwa kazi hiyo alipewa barua ya onyo: amekiuka utaratibu. Miaka miwili baadaye wakubwa wale wale waliifundisha njia yake kwenye semina, wakachukua posho, jina lake wasilitaje. Inaniudhi, na sitanyamaza eti kwa sababu leo kuna pilau ya kumuaga.

Mama, asante. Godoro na vitenge hivi tunavyokuagia ni vyako; kapumzike, kahawa yako izae, uishi miaka mingi kati ya wajukuu. Barua ile bado imo kwenye faili lako. Nimeomba kwa maandishi iondolewe, na mahali pake iwekwe taarifa yangu ya uongo, yenye jina langu.